Ukitaka kuihoji dini kwa kicheko, mwache mhojiwa amalize kusema

Mhariri,

Filamu ya Religulous, aliyoiongoza Larry Charles mwaka 2008 na ndani yake mchekeshaji wa Marekani Bill Maher akizunguka kuwauliza watu habari za dini zao, huzua ubishi kila inapotajwa. Ubishi wenyewe huishia palepale: ni kufuru au si kufuru. Naomba nafasi niizungumzie kwa upande wa meza ya kuhariri, pale picha zinapokatwa na kuungwa. Huko ndiko ilikofaulu, na huko ndiko ilikoharibikia.

Nianze na sehemu njema. Maher anamwambia Mark Pryor, wakati huo seneta wa jimbo la Arkansas nchini Marekani, kwamba ana wasiwasi kuona nchi inaongozwa na watu wanaoamini habari za nyoka aliyezungumza. Seneta anajibu kwamba kuingia Seneti hakuhitaji mtihani wa akili. Aliyekaa mezani hakuharakisha kukata. Uso wa seneta unabaki kwenye skrini, na mtazamaji anamwona akitambua alichokisema. Hakuna aliyemtegea neno; kalitamka mwenyewe, na tumelisikia lote.

Hali ni hiyo kwa Padri Reginald Foster, mtaalamu wa Kilatini wa Vatican, anayezungumza akiwa amesimama nje. Anataja kura ya maoni ya Italia iliyouliza watu humwomba nani wakipata shida, na Yesu akatokea wa 6. Anacheka yeye, nasi tunacheka naye. Padri George Coyne, aliyeongoza kituo cha Vatican cha kuangalia nyota tangu 1978 hadi 2006, anaeleza kwa utulivu kwamba Maandiko yaliandikwa karne nyingi kabla ya sayansi ya leo, basi iweje mtu atafute sayansi ndani yake? Wote wawili walikuwa mapadri. Hoja nzito kabisa za filamu hii zimetoka vinywani mwa watu wa dini, kwa sababu tu waliachiwa muda.

Kwingineko muda haukutolewa. Mtu anaanza kujibu, Maher anamdakia. Katikati inachomekwa sekunde mbili za filamu ya zamani, au maandishi ya chini yanayomkejeli mhojiwa. Maandishi hayo yaliwekwa baadaye. Mhojiwa hakuyaona, wala hakupata nafasi ya kuyajibu. Ni mabishano ambayo mmoja ameshaondoka na mwenzake bado anasema.

Wasomaji wajue ufundi wake. Mahojiano ya saa moja kwa kawaida hubakiza dakika nne au tano. Ukikata katikati ya jibu, kichwa cha mhojiwa kinaruka kwenye picha, hivyo mkato hufunikwa: uso wa anayesikiliza, mikono, jengo la nje, kipande cha filamu nyingine. Chini ya kifuniko hicho sauti inaungwa. Mpiga picha makini hurekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali palepale, na ukimya huo ndio unaozibia mapengo. Ikizibwa vizuri, sentensi ya dakika ya 5 na ya dakika ya 40 zinasikika kama pumzi moja.

Kuubaini mkato si kazi ngumu. Vaa spika za masikioni, usikilize kilicho nyuma ya maneno. Pikipiki inayopita kisha ikapotea ghafla, feni iliyobadili mvumo, adhana iliyokatika katikati ya neno: hapo pamekatwa. Kama kila mara picha inamwacha msemaji kabla hajafika mwisho wa sentensi, mashaka yako yana msingi.

Kosa kubwa zaidi, kwangu, ni la Horus. Filamu inapitisha maandishi yanayodai kwamba mungu huyu wa Misri ya kale alizaliwa na bikira, akawa na wanafunzi 12, akasulubiwa, akafufuka. Masimulizi ya Wamisri hayasemi hivyo. Mama yake, mungu wa kike Isis, alimpata Horus kwa Osiris, mumewe aliyeuawa, naye Horus hakusulubiwa. Maandishi yanapita upesi, muziki unapigwa, hapana anayeulizwa swali. Filamu inayomdai mwumini ushahidi imeweka skrini nzima ya madai bila ushahidi. Ingetosha kumweka kwenye kiti mtaalamu mmoja wa Misri ya kale kwa dakika mbili.

Francis Collins naye, aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani taarifa zake zote za urithi, hadi ukakamilika mwaka 2003, anaulizwa kama waandishi wa Injili walishuhudia kwa macho. Hilo ni swali la mwanahistoria. Yeye ni mtu wa maabara na ni mwumini. Jinsi anavyoyaunganisha hayo mawili ndilo jambo ambalo wengi tungetaka kulisikia.

Tena wahojiwa waliombwa kwa jina jingine la filamu, A Spiritual Journey, na Maher mwenyewe amesema jina lake halikutajwa mpaka alipotokea. Kwa vijana wetu wanaotaka kutengeneza filamu za namna hii, na sababu za kuwahoji manabii wa kujitangaza tunazo tele, nawasihi sana wasiige hilo. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili kama mhojiwa anazungumza Kiswahili. Itaje jina la anayehoji, mada, kwamba filamu ni ya kuchekesha, na itaonyeshwa wapi. Mhojiwa aisome kwa sauti mbele ya kamera kabla ya kutia sahihi. Fomu ya Kiingereza aliyosainishwa shehe au mchungaji asiyeielewa haitakulinda siku ya malalamiko.

Siku ya kurekodi, tumia kamera mbili, moja isitoke kwa mhojiwa, na kila mmoja awe na maiki yake kifuani. Ukiwa na kamera moja utalazimika kupiga maswali na nyuso za kusikiliza baadaye, na hapo ndipo kishawishi cha kupachika mcheko pasipokuwapo mcheko huanza. Jibu likiisha, hesabu sekunde mbili kimya kabla ya swali jingine. Mara nyingi neno la maana hutoka ndani ya hizo mbili.

Video ghafi, yaani zote mlizorekodi kabla ya kukata, msizifute. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 138 kwa Kenya, vinagusa maneno yaliyosemwa kwa kusudi la kuumiza hisia za dini. Kusudi lenu litapimwa kwa kilichokatwa sawa na kilichobaki. Hifadhini nakala mbili kwenye diski mbili, sehemu mbili tofauti, na mhojiwa akiomba kuyaona mazungumzo yake yote, mpeni.

Mhariri wa filamu za makala,
Tanga