Anime ya nyumbani ianzie kwenye visanduku vinne

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Tunawaandikia vijana wanaotengeneza vichekesho vya vibonzo kwa mtindo wa anime, yaani vibonzo vya video vya Kijapani, chumbani, kwa kompyuta moja ya kuazima au simu. Kipindi cha kwanza huwa kinatoka. Cha pili hakionekani. Lawama hupewa kompyuta, na hapo ndipo tunapopingana nao. Kazi imekufa kwa sababu mchoraji ameanza na mwendo kabla hajawa na kichekesho wala sauti, kisha akachora mara tano ya kilichohitajika.

Tuanze na hesabu. Sekunde moja ya vibonzo kwa kawaida ina fremu 24, yaani picha mojamoja zinazofuatana. Ukichora kila fremu, dakika moja ni michoro 1,440. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, ni 720. Ukishikilia kwa fremu tatu, ni 480. Wajapani hawakufika kwenye hiyo tatu kwa kupenda. Mchora katuni Osamu Tezuka alipoanza kurusha mfululizo wake wa Tetsuwan Atom kwenye televisheni tarehe 1 Januari 1963, alikuwa anatakiwa kutoa kipindi cha nusu saa kila wiki kwa fedha zisizofika hata gharama. Studio yake ikashikilia michoro, ikasogeza mdomo tu huku mwili umetulia, na ikatunza michoro ya zamani ili itumike tena. Huo ubahili ndio uliokuja kuitwa mtindo. Kijana wa Mbagala au Kisumu anayehangaika kulainisha kila hatua ya mhusika wake haigi anime, anaiga kitu kingine kabisa.

Kuna jambo linalowahusu ninyi wa magazeti moja kwa moja. Sazae-san, mfululizo wa vibonzo unaorushwa Japani tangu Oktoba 1969 hadi leo, ulizaliwa gazetini: Machiko Hasegawa alianza kuuchora mwaka 1946 kama kibonzo cha visanduku vinne. Visanduku hivyo vina kazi zake. Cha kwanza kinaanzisha, cha pili kinaendeleza, cha tatu kinageuza mambo, cha nne kinafunga. Kichekesho kisichoenea humo, hata ukikipa dakika tatu hakitaenea.

Tuchukue mfano. Kisanduku cha kwanza: bibi anapepea kwa kawa, anauliza, "Feni imepona, mjukuu wangu?" Cha pili: mjukuu, bisibisi sikioni, "Bibi, fundi ni mimi." Cha tatu: anabonyeza swichi, feni kimya, taa ya nyumba ya jirani inawaka. Cha nne: mama wa jirani anatoa kichwa dirishani, "Asante, baba!" Kwa sekunde 45 orodha ya kuchora ni hii: mandhari 3, mikao ya mwili 14, midomo 4 kwa kila mhusika, macho 3 kwa kila mhusika, mkono na swichi michoro 6, bibi kugeuza kichwa 4, nyuso za kushtuka 5. Jumla ni michoro 53. Kipindi cha pili kitakopa zaidi ya nusu ya hiyo, mradi kila mchoro umehifadhiwa peke yake kwa jina linaloeleweka: bibi_mdomo_a, bibi_jicho_fumba. Faili zinazoitwa "mpya2 mwisho kabisa" ndizo zinazoua mfululizo.

Sauti irekodiwe kabla ya kuchora. Kwa sekunde 45, maneno 60 yanatosha, kwa sababu kichekesho kinataka kimya. Rekodini ndani ya kabati la nguo au kwenye kona yenye godoro nyuma ya msemaji, friji na feni zikiwa zimezimwa. Mdomo uwe shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, na maikrofoni iwekwe kwa ubavu kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige. Kilele cha sauti kiwe kati ya desibeli -12 na -6. Mkimaliza, rekodini sekunde kumi za chumba kikiwa kimya. Hizo ndizo za kuzibia mapengo, maana kimya kilichotengenezwa kwa kufuta sauti husikika kama spika imekufa. Wasemaji wawili wakae pamoja. Mtu anayejibu sauti asiyoisikia huwa anachelewa, na hakuna ukataji utakaomrudisha kwa wakati.

Midomo sasa. Vibonzo vya Kijapani mara nyingi hutumia midomo mitatu tu: kufunga, nusu, wazi. Kwa Kiswahili ongezeni wa nne, wa mviringo, kwa ajili ya "o" na "u". Lugha yetu inatusaidia kwa kuwa silabi karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mdomo hufunguka kwa mpigo unaotabirika. Kosa linaloonekana haraka ni mdomo kuwa wazi kwenye "m", "b" na "p". Mhusika anasema "babu" na midomo haijagusana hata mara moja; mtazamaji hajui kasoro iko wapi, lakini ameshaacha kuamini. Kila herufi ya namna hiyo ipewe angalau fremu mbili za mdomo uliofungwa, na mdomo utangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Ukichelewa, hata kwa fremu hizo mbili, inaonekana kama filamu iliyoingizwa sauti ya kigeni. Na msonyo usisahauliwe! Hakuna mdomo wa Kijapani unaousonya. Uchoreeni wa kwake: midomo imebanwa, imevutwa upande mmoja, jicho linafuata.

Programu hazihitaji maelezo marefu. Za kuchorea, Krita, Blender na OpenToonz, ni za bure. OpenToonz, iliyotolewa bure mwaka 2016, inatokana na programu iliyotumiwa na Studio Ghibli, studio ya anime ya Japani, lakini kwa anayeanza Krita ni nyepesi kuielewa. Audacity ya sauti, Kdenlive au Shotcut ya kuunganisha. Wekeni fremu 24 tangu siku ya kwanza, kwenye kuchora na kwenye kuunganisha. Mkichora kwa 24 kisha mkatoa video ya 30, programu itarudia fremu moja katika kila nne, na mwendo utakuwa unakwama-kwama bila sababu ya kuonekana. Turubai, yaani eneo la kuchorea kwenye programu, iwe kubwa kuliko video kwa asilimia 20 kila upande: pikseli (vinukta vya picha) 2304 kwa 1296 kwa ajili ya video ya 1920 kwa 1080. Bila nafasi hiyo, picha ikitikiswa ukingo mweupe unachungulia.

Asiye na kompyuta atumie karatasi. Mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi za faili hutoboa matundu mawili ya milimita 6, umbali wa milimita 80 kati yao. Gundisheni vijiti viwili vya mti vya unene huo kwenye ubao kwa kipimo hichohicho, na mmepata kishikizo kinachoweka kila karatasi mahali palepale. Vijiti vikilegea, mhusika aliyesimama atatetemeka kama mwenye homa. Jaribuni karatasi tupu kwanza, kabla ya gundi kukauka. Wakati wa kupiga picha kwa simu, fungeni mwangaza na rangi zisijibadilishe zenyewe, na taa mbili zitoke pande zote mbili kwa nyuzi 45. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo chini ya baadhi ya taa za LED picha hutoka na mistari ya kivuli inayopanda na kushuka. Kasi ya kamera ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huiondoa.

Kwenye rangi, kuna ule uzi mweupe unaobaki kati ya mstari na rangi iliyomwagwa. Unatokea kwa sababu ukingo wa mstari una pikseli za nusu rangi, na rangi inagota hapo. Iambieni programu ipanue rangi hiyo kwa pikseli 2, na mstari ukae kwenye safu ya juu yake. Mistari ya nje iwe nyeusi au kahawia iliyokolea. Mstari mwembamba mwekundu juu ya buluu huvurugika video ikibanwa ili faili iwe dogo, kwa kuwa ubanaji hupunguza taarifa za rangi kabla ya taarifa za mwanga. Na msimvalishe mhusika shati la drafti. Mtalichora kila mara.

Tumefika kwenye kuchekesha kwenyewe, na hapa ndipo tunapoona kazi nyingi nzuri zikiharibika. Chukueni mjukuu wetu akianguka kutoka kwenye stuli baada ya ile "Asante, baba!". Kujikunja kabla ya kuanguka: fremu 6. Kuanguka kwenyewe: fremu 3, michoro miwili inatosha, tena mmoja uwe wa mwili uliovutika kama chapati mbichi. Kugonga chini: fremu 2 za mchoro uliobapa. Kisha picha nzima itikiswe juu na chini kwa pikseli 12, 8 halafu 4, fremu mbili kila mara. Halafu acheni. Fremu 20 bila chochote kusogea, isipokuwa kawa ya bibi. Vijana wanaogopa hizo fremu 20, wanazijaza mikono inayopunga na muziki. Zaidi ya hapo wanaiambia programu ichore yenyewe michoro ya kati ya mkao na mkao, na anguko la fremu 3 linageuka kuwa la fremu 12 zenye ulaini wa sabuni. Hakuna anayecheka mtu anapotua taratibu kama unyoya.

Alama za Kijapani, tone la jasho kichwani na mshipa uliovimba kwenye paji, zitumieni kwa kiasi. Mtazamaji wa Kiswahili amezizoea. Lakini tunayo hazina ambayo haijaguswa. Katuni za Kijapani huandika neno la kuigiza hata pale pasipo na sauti: kimya huandikwa "shiin". Sisi tuna "jii". Mtu akianguka majini ni chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, na kila neno tayari limeshaeleza alipoangukia kabla mandhari hayajachorwa. Andikeni TIFU kwa herufi nene, likae fremu 10, na mmeokoa michoro minne ya vumbi. Inashangaza kuona "BOOM" ikiandikwa mahali pa tifu.

Video ikikamilika, anayemtumia mwenzake kwa WhatsApp aitume kama dokumenti. Ikitumwa kama video hubanwa tena, na zile rangi bapa huanza kuonyesha matabaka angani.

Sasa ombi letu kwako, Mhariri. Nafasi ya kibonzo kwenye ukurasa wa Jumamosi siku hizi mara nyingi hujazwa picha moja yenye maneno mengi. Ifungulie wasomaji: visanduku vinne kwa mlalo, wino mweusi, mandhari yasizidi matatu, wahusika wasizidi watatu, maneno yasizidi 60. Vipimo hivyo ni vilevile vya kipindi cha sekunde 45. Anayechapishwa kwako Jumamosi atakuwa na hadithi, wahusika na mpangilio wa picha tayari mezani, na Jumapili anaweza kuanza kurekodi sauti.

Wachoraji wa vibonzo,
Dar es Salaam