Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2024/2025: Minara ya Ratcliffe

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya picha,

Asanteni kwa kuja na baridi hii. Mambo ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba ada zimeingia, deni la ukumbi limelipwa, na printa ni ile ile inayokula karatasi. Muda wangu nitaumalizia kwenye kazi iliyotushika karibu mwaka mzima: picha za mtambo wa umeme wa Ratcliffe-on-Soar.

Sisi tunaokaa Leicester, Derby na Nottingham, katikati ya Uingereza, tulizoea kuupita. Minara minane ya kupozea, kila mmoja mita 114, na dohani ya mita 199. Ukiiona dirishani mwa treni, unaanza kushusha begi. Watoto waliuita kiwanda cha mawingu. Tarehe 30 Septemba 2024 ukazimwa, mtambo wa mwisho wa makaa ya mawe Uingereza, miaka 142 baada ya ule wa kwanza kuwashwa Holborn, London. Ndipo tukakumbuka kwamba tuna kamera.

Kabla ya kuzimwa tulikwenda mara moja tu, na lawama hiyo naibeba mimi niliyeahirisha safari mbili. Picha za siku ile ndizo pekee zenye mvuke. Na nawaomba, maelezo ya picha yasiandike tena "moshi". Moshi ulitoka kwenye dohani. Minarani maji ya moto yalimwagwa ndani, hewa ikaingia kwa chini na kupanda, maji yakapoa na sehemu yake ikapaa kama wingu. Mvuke ulipokoma tuligundua ni kiasi gani ulikuwa ukitusaidia: bila wingu, mnara hauna kipimo, unaweza kuwa kikombe mezani. Picha iliyonigusa zaidi ni ya mwenzetu mmoja aliyesimama kwenye stesheni ya East Midlands Parkway, akampata abiria na sanduku lake, minara imemfunika mgongoni.

Baadhi ya vijana walininung'unikia kwa kuwakataza kuruka uzio. Msimamo wangu haujabadilika. Februari 2016, kwenye mtambo wa umeme wa Didcot, sehemu ya jengo la boila iliporomoka wakati ikiandaliwa kubomolewa, na wafanyakazi wanne wakafa. Hao walikuwa watu wenye ujuzi wa kazi hiyo. Sisi tunapiga picha kutoka njiani, basi.

Agosti 14, 2025, tulikwenda kaskazini zaidi, kando ya mto Trent, kushuhudia minara minane ya mtambo mwingine wa umeme, Cottam, ikiangushwa. Tuliwekwa mbali sana. Minara ilianza kukunjika kiunoni kimya kimya, kama kitenge kinachoteleza, na mshindo ukatufikia nyuma yake. Aliyesubiri kuusikia ndipo abonyeze, alichelewa. Mwenyekiti wenu alikuwa ameiacha kamera kwenye picha moja moja. Nina picha moja, nayo ni ya vumbi.

Kasoro kubwa iko kwingine. Nimeipitia maktaba yetu yote: minara alfajiri, minara kwenye ukungu, minara na kondoo. Siku Ratcliffe inazimwa palikuwa na wafanyakazi wapatao 170, na hatuna uso hata mmoja wao. Zege tulilifuata kwa sababu halikatai kupigwa picha. Kamati inapendekeza mwaka ujao tuwatafute waliofanya kazi pale, tuwapige picha majumbani kwao kwa ridhaa yao, na tuandike wanachotusimulia. Tutalipigia kura baada ya chai.

Hadi ninapoandika taarifa hii minara ya Ratcliffe bado imesimama, kwa hiyo safari za Jumamosi zinaendelea. Leteni picha zenu kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi, zikiwa na tarehe na mahali ulipokuwa umesimama. Zisizo na hayo hatutazipokea, hata zikiwa za mwenyekiti.