Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atawasomea mweka hazina. Mimi nina jambo moja, nalo ni mitambo ya kompyuta ya ofisi yetu hapa Kibuye.

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikajigamba kwamba tumeingia dijitali. Mniwie radhi. Julai tulijipima kwa ngazi ya hatua tano iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa mara ya kwanza 1991. Ilitungwa kwa ajili ya waunda programu, lakini watu wa mitambo wameiazima. Hatua ya kwanza, kazi inategemea bidii ya mtu. Ya pili, kilichofanikiwa leo kinaweza kurudiwa kesho. Ya tatu, utaratibu umeandikwa na kila mtu anaufuata. Ya nne, kazi inapimwa kwa takwimu. Ya tano, inaboreshwa bila kukoma. Nilitarajia tatu. Tulipata moja.

Mkaguzi, kijana mpole, hakuuliza hata bei ya seva, ile kompyuta kuu inayotunza data zetu. Alimwambia karani: "Tuseme seva imeungua. Nirudishie daftari la mikopo la jana." Karani akavuta droo, akatoa flashi iliyofungwa kwa raba pamoja na funguo za choo. Tukaichomeka. Faili ya mwisho ilikuwa ya Machi. Hakuna aliyesema kitu. Nami nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Nenosiri la seva nalo lilijulikana na karani huyo peke yake. Alipojifungua, tulimpigia simu wodini, mtoto ana siku mbili, tukimwomba herufi na nambari. Ile ilikuwa aibu yetu wala si yake.

Kompyuta mbili za mapokezi bado zinatumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Na humo ndimo zilimo nambari zenu za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inatupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data taarifa zikivuja na kuhatarisha wenyewe. Saa hizo sisi tungezimaliza tukiulizana nani ana nenosiri.

Wapo wanaotaka seva mpya. Mimi nakataa, walau mwaka huu, kwa sababu seva iliyopo haina kosa. Badala yake, kila jioni tunanakili data, na nakala moja hailali ofisini. Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunajaribu kuirudisha: tumejaribu mara nne, mara moja ikagoma, na sababu tukaiandika. Manenosiri yamo kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu. Stima ikipotea, ruta, kile kifaa cha intaneti, sasa ina betri yake.

Ajenda ya saba inaomba kompyuta mbili na mafunzo ya karani wa pili. Naomba muipitishe.

Funguo za choo zimepata msumari wake, nyuma ya mlango.

Mwenyekiti