Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Akiolojia ya India: Daulatabad iliangushwa na njaa

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Tunakuandikia kuhusu ngome ya Daulatabad, Maharashtra, iliyo chini ya idara yako. Ombi letu: mabirika yake ya maji na maghala yake ya chakula yatunzwe na kuelezwa kwa uzito uleule wa mizinga na mnara wa Chand Minar.

Ulinzi wake unastahili sifa. Kilima kina urefu wa mita 200 hivi, na ubavu wake wa chini umechongwa hadi ukasimama wima kama mita 50. Malango yana miiba ya chuma, na njia hupinda ghafla mbele yake ili tembo wa vita akose nafasi ya kupiga mbio. Ukivuka handaki lililochimbwa mwambani unaingia Andheri, ngazi za giza zinazopanda ndani ya jiwe. Mdomo wake wa juu ulizibwa kwa bamba la chuma na moto ukakokwa hapo, moshi ukamrudia adui.

Lakini ngome haikuangukia Andheri. Mwaka 1296 Alauddin Khalji, mpwa wa sultani wa Delhi, alifika ghafla, jeshi kubwa la mfalme Ramachandra likiwa mbali. Mfalme akajifungia juu, na inasimuliwa kwamba magunia yaliyopandishwa kwa haraka yakidhaniwa ni nafaka yalikuwa ya chumvi. Mwaka 1633 Mahabat Khan, jemadari wa Wamughal, watawala wa India kaskazini, alilipua kuta za nje kwa baruti, ila njaa ndiyo iliyomlegeza Fateh Khan, aliyeishika ngome, hadi akasalimu amri. Huyo ni mtoto wa Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaja kuutawala usultani wa Ahmadnagar kwa niaba ya masultani wake. Ukuta wa nje, Ambarkot, unabeba jina la huyo Ambar.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Kilwa mwaka 1331 kabla ya kwenda India, alisimulia panya wa gereza la Daulatabad wakubwa kuliko paka. Bila shaka hao walijua ghala liko wapi.

Sasa matengenezo. Birika lisafishwe kabla ya masika ya Juni, tope litolewe kwa mikono, kwa sababu mashine hugonga sakafu na kufungua nyufa. Mizizi ya mitini isivutwe kwa nguvu, kwani hung'oka na mawe. Ikatwe shinani, iachwe ife, ndipo maungio yakwanguliwe. Saruji isitumike kabisa: ni ngumu mno, haifuati jiwe linapotanuka kwa jua na kunywea usiku, hivyo hupasuka pembeni, maji yakapenya nyuma yake na kukwama humo pamoja na chumvi. Tumieni chokaa iliyozimwa na kulowekwa kwa miezi, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga uliochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma. Pakeni kwa matabaka membamba, yafunikwe magunia mabichi kwa wiki kadhaa. Chokaa ikikaukia juani haraka hubaki unga. Mafundi wa huku wanaotengeneza majumba ya matumbawe wanalijua tatizo hilo vizuri.

Tunaomba pia njia ya wageni ipitie mabirika na maghala, na kila moja liwe na kibao kinachoeleza lilihifadhi nini na maji yaliliingiaje.

Wako katika kazi,
Wafuatiliaji wa majengo ya kale, Afrika Mashariki