Barua ya wazi kwa mama mdogo anayetaka kufungua mgahawa Dodoma

Mama mdogo, shikamoo.

Umesema mafao yako yakitoka tu unakuja Dodoma kufungua mgahawa, na kwamba dalali ameshakuonyesha picha za fremu kwenye barabara ya kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali wenye ofisi za wizara. Jibu langu naliweka hadharani kwa makusudi, kwa sababu hauko peke yako. Tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, na zaidi baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, wastaafu wengi wenye mkono mzuri wa pilau wamepiga hesabu kama yako: watumishi wamejaa, lazima wale.

Kula wanakula kweli. Swali ni lini, wapi, na kwa pesa ya nani.

Kazi yangu unaijua, napeleka mitungi ya gesi. Muuza gesi haingii kwa mlango wa wateja, anapita uani, na mpishi anayesubiri mtungi ufungwe huwa na maneno mengi. Nimewauliza habari yako: wa hotelini waliosomea Arusha, kina mama lishe wa Majengo na Sabasaba, wachoma nyama, na jamaa mmoja anayepika chakula cha vikao. Nilidhani wataniambia habari za viungo. Hakuna aliyegusa viungo. Karibu wote walianza na kalenda.

Dodoma ina misimu miwili ya njaa na shibe ambayo haihusiani na mvua. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kwisha mwisho wa Juni. Miezi hiyo wabunge wapo, mawaziri wapo, maofisa wa wizara na mashirika waliokuja kujibu hoja wapo, na madereva wao wote wanakaa kwenye magari wakitafuta supu. Usiku hupati meza. Halafu Julai inaingia, Bunge limeahirishwa, bajeti mpya ndiyo kwanza inaanza na pesa za vikao bado hazijashuka. Na vyuo navyo vinafunga. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, tangu kilipoanza mwaka 2007 kimewalea wauza chipsi wengi sana upande ule, nao wanajua kwamba likizo ndefu ya wanafunzi ni miezi ya kurudi nyumbani kulima au kutafuta kibarua kingine. Wapishi wa hoteli wananiambia wao hupangiwa likizo muda huohuo, wapende wasipende.

Ndani ya msimu kuna mwezi, na ndani ya mwezi kuna wiki. Mshahara wa Serikali ukishatoka, siku za mwanzo watu wanaagiza makange ya kuku na soda baridi. Ikifika katikati ya mwezi unaofuata wanarudi kwenye wali maharage, na wengine wanakuja na hotpoti kutoka nyumbani. Ijumaa mchana ndiyo usiseme, watu wameshaanza kuondoka. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, mtumishi mwenye familia Dar es Salaam hakuona tena sababu ya kulala huku Jumamosi. Mama mmoja mwenye mgahawa jirani na ofisi za Serikali aliniambia Jumamosi anapika nusu ya sufuria, na Jumapili hafungui kabisa. Kodi ya fremu haijui Jumapili.

Sasa nikueleze kitu nilichokiona kwa macho, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Kuna mama lishe mmoja, siwezi kumtaja, anahudumia mafundi ujenzi. Nyama yake huwa hapiki kwa kilo, anapika kwa vipande. Anakaa kwenye kigoda, kisu mkononi, anakata na kuhesabu kwa sauti, na msaidizi wake anarudia ile namba. Kilo moja lazima itoke vipande kumi na sita. Kikizidi kimoja anakirudisha kukigawa vizuri. Sahani moja, vipande viwili. Nikamwambia, mama, mbona unahesabu kama karani wa benki? Akanipigia hesabu palepale, nami nakuandikia kwa bei za kukadiria. Tuseme kilo ya nyama ni 12,000. Vipande viwili ni 1,500. Kilo ya mchele inatoa sahani kama saba, kwa hiyo wali wa sahani moja ni kama 400. Maharage, mboga za majani, mafuta na nyanya, weka 300. Hapo una 2,200 kabla hujawasha jiko. Yeye anauza 3,500. Inabaki 1,300, na humo atoe gesi, maji, msaidizi, na ushuru. Mhudumu akimwonea mteja huruma akamwongeza kipande kimoja, 750 imekwenda. Yaani zaidi ya nusu ya kilichobaki kimeliwa na huruma.

Hesabu hiyohiyo nilimpelekea mpishi mkuu wa hoteli moja ya katikati ya mji. Akacheka. Yeye amefundishwa kwamba malighafi isizidi theluthi moja ya bei ya sahani, kidogo juu au chini, ili theluthi nyingine ilipe watu na iliyobaki ilipe jengo, umeme, vilivyovunjika, na faida ikiwepo. Kwa kanuni hiyo, wali nyama wa yule mama ungeuzwa karibu 6,600. Na ndiyo bei utakayoikuta kwenye mgahawa wenye viti vya kitambaa na feni, watu wakinung'unika kwamba wanaibiwa. Hawaibiwi. Mama lishe ndiye anayejiibia mwenyewe: hajilipi mshahara, binti yake anaosha vyombo bure, na kivuli anachokitumia ni cha mti.

Mama mdogo, wewe unataka viti vya kitambaa na bei ya mama lishe. Nimekusikia vizuri kwenye ule ujumbe wako wa sauti, na hapo ndipo ninapokukatalia.

Ukitaka kuona ujanja wa biashara ya chakula, nenda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi. Nusu ya mji unaikuta huko. Mteja anachagua nyama ikiwa mbichi, inapimwa mbele yake, analipa kwa kilo, ndipo inakwenda motoni. Nyama ikiiva inapungua uzito, robo nzima au zaidi inaweza kwenda na maji na mafuta yanayodondokea kwenye mkaa. Pale Msalato robo hiyo ni hasara ya mteja, naye hailalamikii, anafurahia moshi. Mgahawani robo hiyo ni ya kwako, maana umeuza sahani iliyoiva. Mchomaji mmoja alinieleza jambo hili huku akigeuza mbavu, na nadhani amewazidi akili wengi wenye shahada ya biashara.

Kuna jambo lingine watu hawalitazami. Dodoma si Tanga yenye mvua na bahari. Mchele unatoka mbali, Mbeya, Morogoro au Shinyanga. Viazi vya chipsi vinashuka kutoka Njombe na Mbeya. Samaki wa karibu ni wa bwawa la Mtera, waliobaki wanakuja na barafu kutoka Mwanza. Huku mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka. Sado ya nyanya inaweza kupanda bei maradufu ukiwa umelala, wakati bei uliyoiandika ukutani iko palepale. Ndiyo maana mpishi mkuu yule alinisihi nikwambie: menyu fupi. Kila jina la chakula ukutani ni kitu kinachooza kwenye friji kikimsubiri mtu mmoja aje kukiagiza. Alisema aina tano za mchana zinatosha, na mbili kati ya hizo zibadilike kufuata soko.

Hapa naingiza la kwangu, hakuna aliyeniagiza. Mji huu unauza chakula cha kila mtu isipokuwa cha wenyeji wake. Ukitaka makange, yapo. Ndizi nyama za Kichaga zipo. Pilau la pwani lipo, baya, lakini lipo. Ugali wa uwele na mlenda wa Wagogo utautafuta kwa kuulizia. Kuna bibi mmoja upande wa Majengo anaupika, na saa saba mchana sufuria inakuwa imeshakwanguliwa. Wanaokula pale ni wakubwa wenye tai waliokulia vijijini Bahi na Chamwino, pamoja na wageni waliosimuliwa. Sasa fikiria kibiashara: ule mlenda mkavu wa kusagwa unakaa kwenye debe miezi bila friji. Uwele na mtama vinalimwa hapahapa na vinastahimili ukame. Karanga zipo. Mafuta ya alizeti ya Singida na Dodoma yapo njiani, na kuku wa kienyeji wa Singida sifa zao unazijua. Ni chakula ambacho lori likikwama Mikumi hakikuhusu. Siongei kwa uzalendo, mimi mwenyewe si Mgogo, nilichukua muda kuzoea ule utelezi. Naongelea hasara ya jikoni.

Kuhusu chakula cha vikao, najua ndicho kinachokuvuta. Yule jamaa anayepika cha vikao ana magari mawili ya kubebea vyombo na shinikizo la damu. Kikao kimoja cha watu mia ni pesa nzuri, ila unanunua mchele, kuku na matunda kwa pesa taslimu leo, na wewe unalipwa wanapojisikia. Siku hizi manunuzi ya Serikali yanapitia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, kwa hiyo usajili kwanza, habari ya kujuana baadaye. Ana deni kwenye ofisi moja ya umma ambalo limevuka mwaka wa fedha, na waliokula chakula kile wengine wameshahamishwa kituo. Aliniambia hivi: usipokee oda ambayo ikichelewa kulipwa miezi mitatu utashindwa kufungua kesho. Na lile daftari la watumishi wanaokula kwa mkopo hadi mshahara, wapishi wanalichukia kuliko mende. Mkubwa mmoja akikopa, huwezi kumnyima wa chini yake.

Mambo ya ofisi nayapita haraka. Atakayekutuma TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, mwambie amepitwa, tangu 2019 usimamizi wa chakula ulihamia TBS, shirika la viwango. Wapishi na wahudumu wote wapimwe afya kabla hawajagusa sufuria, afisa afya akija anaanza na kadi zao. Na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani: tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, ambayo ukifungua kila siku ni kama 548,000 kwa siku. Ukifika huko nipigie nikupongeze.

Gesi, basi, kwa kuwa utasema natafuta mteja. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na lengo la taifa ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Upepo unaelekea huko. Lakini wapishi wenyewe wananiambia, nami nakubali ingawa inaniumiza mfuko, kwamba maharage ndiyo yanayomaliza mtungi. Yalowekwe usiku kucha, yapikwe kwenye presha. Asiyeloweka maharage namwona mara nyingi sana.

Na mpishi. Usimwite shefu halafu ukamlipa kibarua. Wakati wa Bunge hoteli zinatafuta mikono, na mpishi wako mzuri ataondoka asubuhi moja akiwa ameacha aproni kwenye msumari. Wenye migahawa wanaodumu na wapishi wao ni wale walioandika nao mkataba, wanaolipa kwa tarehe, na wanaowaruhusu kula kabla ya wateja. La mwisho hilo nililisikia mara nyingi kuliko yote, na kutoka kwa watu wasiofahamiana.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Usije Mei, Mei utaona mji umefurika na dalali atakuwa na meno yote nje. Njoo wiki ya pili ya Agosti. Nitakupakia kwenye gari la mitungi, tupite uani kwa hao wote, uwaulize mwenyewe, halafu saa saba mchana tukasimame mbele ya hiyo fremu yako tuhesabu wanaopita kwa miguu. Dalali anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Asipewe hata ya kushika hadi siku hiyo ipite, na akisema kuna mtu mwingine anaitaka, mwache huyo mtu aichukue.

Msalimie baba mdogo.