Mhariri, porti ya kuleta Dar ni Tawny

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye juzi aliwashauri watu wanaopanga safari ya Ureno kuonja na kununua porti, ule mvinyo mtamu wa Kireno, kwamba wanunue aina ya Vintage, ile ya mavuno ya mwaka mmoja, wakifika nyumbani wailaze kabatini, waje waifungue mtoto akifikisha miaka ishirini. Namheshimu, na inaonekana porti anaijua, ila ule ni ushauri wa mtu anayeishi kwenye baridi, sisi tuko Dar es Salaam, na mimi hilo somo nimeshalilipia kwa hela yangu.

Mwaka 2016 nilirudi kutoka Ureno na chupa mbili za Vintage ya 2011, mwaka ambao kila ghala la porti nililoingia kule walikuwa wanausifia. Nikazifunga kwenye kanga, nikazilaza chini kabisa ya kabati la chumbani hapa Tabata, nikamwambia mke wangu hizi hazishikwi mpaka sendoff ya binti yetu. Sendoff ikafika 2023, natoa ya kwanza nakuta kizibo kimesukumwa juu, kimeinua lile karatasi la shingoni, pembeni kuna utelezi mweusi umekauka unanata, na kanga imegandia kwenye chupa. Tukamimina hivyo hivyo. Ilikuwa inanuka jemu iliyoungulia kwenye sufuria. Ya pili nayo vilevile. Dada yangu aliinusa glasi yake akairudisha mezani taratibu bila kusema neno, na mimi hiyo glasi sijaisahau mpaka leo.

Sasa nieleze kilichotokea, maana wengi wanadhani waini ikishazeeka basi imezeeka. Porti inatoka bonde la mto Douro kaskazini mwa Ureno, eneo ambalo mipaka yake iliwekwa tangu 1756, zabibu zinapandwa kwenye matuta ya mawe milimani. Juisi inaachwa ichachuke siku mbili tatu tu, alafu kabla sukari haijaisha wanamwagia pombe kali ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77, hamira inakufa, sukari inabaki, ndiyo maana porti ni tamu na bado ina kilevi cha kama asilimia 20. Kwenye pipa la lita 550 zaidi ya lita 110 ni hiyo pombe kali. Na wenyewe wanaliita pipa, jamani, pipa kabisa. Mara ya kwanza nimesikia mtembezaji wa kule anatamka "pipa" nilisimama nikamwangalia, kumbe hili neno tumelichukua kwao enzi zile za Kilwa na Mombasa, pamoja na meza na leso na huu mvinyo wenyewe ambao kwao ni vinho.

Lile bonde lina joto kali. Wareno wana msemo kwamba Douro ina miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu, na kiangazi nyuzi 40 ni kitu cha kawaida. Kwa hiyo kwa karne na karne walikuwa wakishateremsha zabibu na kuzikamua, kipindi cha baridi kikipita wanayapakia mapipa kwenye mashua za tanga zinazoitwa rabelo na kuyashusha mtoni mpaka Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mji wa Porto, karibu na bahari ya Atlantiki ambako hewa ni ya ubaridi na unyevunyevu. Yaani watengenezaji wenyewe waliuhamisha mvinyo wao kukimbia joto. Sasa mimi na wewe tunauleta Dar tuulaze miaka ishirini kwenye kabati, mwezi wa pili nyuzi 32 na zaidi, umeme ukikatika hata feni haizunguki, unategemea nini?

Vintage inakaa kwenye mbao miaka miwili hivi, inatiwa chupani bila kuchujwa, na kuzeeka kwake kote kunafanyika ndani ya ile chupa, yaani nyumbani kwako. Inataka giza na ubaridi usiobadilika, na ukishaifungua ina siku mbili tatu imeanza kupoteza ladha. Tawny ni kinyume chake. Yenyewe inazeekea kwenye pipa kulekule Gaia, hewa inapenya kwenye mbao pole pole, rangi inatoka kwenye wekundu inakwenda kwenye kahawia ya chai ya rangi, na siku wanayoitia chupani ujue kazi imekwisha. Haina mashapo, inasimama wima kwenye friji, ukiifungua unakunywa wiki tatu nne bila wasiwasi. Ile ya miaka 20 mimi nikiionja napata korosho za kukaanga, tende, na ganda la chungwa mwishoni. Na kwa bei ya Vintage moja ya mwaka uliosifiwa mara nyingi utachukua Tawny ya miaka 20 na hela ikabaki.

Na kama unataka lazima chupa ya mwaka wa mtoto, ipo, inaitwa Colheita. Hiyo ni Tawny ya mavuno ya mwaka mmoja, imekaa kwenye mbao angalau miaka saba, na kwenye lebo wanaandika mwaka wa mavuno na mwaka iliyotiwa chupani. Soma vyote viwili.

Kuhusu safari yenyewe, viza ya Schengen unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, usisubiri, hasa ukitaka kwenda Septemba wakati wa mavuno maana watu ni wengi. Gaia unavuka kwa miguu kutoka Porto kwenye daraja la chuma la Dom Luís I, la 1886, na maghala yamepangana ukingoni kama maduka ya Kariakoo. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanaingia maghala matano kwa siku moja, kila mahali glasi tatu, ikifika jioni ulimi umekufa na wananunua chochote wanachoonyeshwa. Nenda mawili kwa siku, asubuhi moja na jioni moja, kula kati yake, na uteme, ndoo za kutemea zipo na hakuna anayekushangaa. Omba Tawny ya miaka 10, ya 20 na ya 30 zipangwe pamoja mbele yako, kwa sababu tofauti huwezi kuipata ukionja moja leo na nyingine kesho.

Alafu kutoka Porto panda treni ya kwenda Pinhão, kimji cha huko juu kwenye bonde la Douro, kama saa mbili na nusu, kaa upande wa kulia ili treni ikishaufikia mto uuone vizuri. Stesheni yenyewe ukutani ina vigae vya buluu vinavyoonyesha mavuno, akina mama wamebeba vikapu vya zabibu kichwani kama wa kwetu wanavyobeba ndoo. Lala hata usiku mmoja. Ukiligusa lile jiwe la matuta saa tisa mchana utaelewa kwa nini mapipa yalikimbizwa Gaia.

Kununua iwe siku ya mwisho. Angalia shingoni pawe na ule utepe wa karatasi wa serikali yao, Selo de Garantia. Chupa zipakie kwenye begi la kuingia tumboni mwa ndege, kila moja ndani ya soksi nene na nguo katikati, ukinunua za uwanja wa ndege ukabadilisha ndege njiani unaweza kunyang'anywa kwenye ukaguzi. Na forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru, ni chupa mbili za kawaida, zaidi ya hapo tangaza ulipe uende zako kwa amani.

Mimi na mke wangu tunarudi Septemba hii. Tumekubaliana chupa nne tu, zote Tawny, za kunywa na watu mwaka huu huu. Mjukuu wetu kazaliwa 2024, na Colheita ya mwaka wake haitauzwa kabla ya 2031. Ikae hukohuko Gaia kwenye pipa lake, Mungu akitupa uhai tutaifuata.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam