Kopo na Kalamu

New York, Novemba

Somo yangu,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote wasalimie. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeanza kututafuta.

Barua yako imenifika pamoja na malalamiko yake yote. Kwamba msimamizi wako anaona filamu za majaribio, zile zisizofuata njia ya filamu za hadithi, ni michezo ya watu wasio na kazi, sishangai. Zipo ambazo hata mimi zimenilaza usingizi. Lakini kukuzuia usiziandikie tasnifu ni jambo jingine, na hapo nakuomba usimwachie.

Mtajie Jonas Mekas, mtengenezaji na mtetezi wa filamu hizo. Alizaliwa Lithuania mwaka 1922, kijijini, kwa wakulima. Vita vikamtupa kwenye kambi za Ujerumani, na mwaka 1949 akatua New York na mdogo wake, Adolfas. Akakopa fedha, akanunua kamera ya Bolex ya milimita 16, akaanza kurekodi maisha yake mwenyewe. Wengi humkumbuka kwa kamera hiyo. Mimi nataka uangalie mpangilio wa kazi zake nyingine. Mwaka 1954 ndugu hao wawili walianzisha jarida la Film Culture. Mwaka 1958 Mekas akapata safu katika gazeti la Village Voice. Mwaka 1962 akashirikiana na wenzake kuunda chama cha ushirika cha kusambaza filamu, ambacho hakikumchuja mtu: ukileta filamu yako, inaingia kwenye orodha. Anthology Film Archives, nyumba ya kuzitunza na kuzionyesha, ilifunguliwa 1970. Maana yake maandishi yaliitangulia ghala kwa miaka 16.

Wala haikuwa bahati tu. Chukua Mothlight, filamu ya Mmarekani Stan Brakhage, ya mwaka 1963. Hakutumia kamera kabisa. Alibandika mabawa ya nondo, majani na petali katikati ya tepu mbili angavu, kisha ukanda huo ukachapishwa kuwa filamu. Sasa fikiria mtu wa usafi aukute ule ukanda wa asili ndani ya kopo la filamu lisilo na maelezo. Atautupa, tena kwa nia njema, akidhani umeingiliwa na wadudu! Filamu ya hadithi ina nyota wake, ina bango, ina watazamaji waliolia. Hii ina nini cha kuitetea isipokuwa mtu aliyeketi akaandika ni kitu gani, kilifanywa vipi, na kwa nini kionyeshwe?

Ukumbi wa kwanza wa Anthology, uliobuniwa na mtengenezaji filamu Peter Kubelka wa Austria, ulikuwa mweusi kote, na kila kiti kilikuwa na kizuizi ili usimwone jirani yako, ubaki wewe na skrini. Sisi tuliozoea kumwonya shujaa kwa sauti kwamba adui yuko nyuma yake tungetolewa nje mapema. Ukumbi ule haukudumu. Tangu 1988 wako Second Avenue, katika jengo lililokuwa mahakama, na huko ndiko ninakokwenda jioni nikipata nafasi.

Usidhani nawasifia tu. Orodha yao ya filamu walizoziita za lazima ilichaguliwa na kamati ya wanaume watupu. Wanawake walioingia ni wa kuhesabu, na Afrika sikuiona. Anayeandika ndiye anayeamua kopo lipi lipewe rafu, kwa hiyo kalamu ikikaa mkono mmoja, hasara ni ya wengine wote.

Ndiyo maana sitaki tasnifu yako iishie New York. Mweke mbele Paulin Soumanou Vieyra, mtengenezaji filamu wa Afrika. Alizaliwa Porto-Novo mwaka 1925, akasomea filamu Paris, na mwaka 1955 yeye na wenzake wakatengeneza filamu ya Afrique-sur-Seine huko huko Ufaransa, kwa kuwa tangu 1934 amri ya Ufaransa iitwayo ya Laval ilimtaka mtu apate kibali cha serikali kabla ya kupiga filamu katika makoloni. Baadaye akafanya kazi Senegal, na mwaka 1975 akachapisha historia ya sinema ya Afrika tangu mwanzo wake hadi 1973. Mtengenezaji na mwandishi katika mtu mmoja. Karatasi zake leo zinatunzwa Chuo Kikuu cha Indiana, hapa Marekani. Zimetunzwa vizuri, nashukuru, ila mwanafunzi wa Dakar au Dar anahitaji viza ili azishike.

Kuhusu yale makopo ya filamu uliyoyakuta stoo: yafungue na unuse. Ukisikia harufu ya siki, asetati, ile plastiki ya ukanda wa filamu, imeanza kuoza, na asidi inayotoka huongeza kasi ya uozo wenyewe. Joto na unyevu wa pwani ndivyo vinavyoiharakisha. Yatenge na yaliyo mazima, yakae pakavu, penye ubaridi wowote mtakaoupata. Kabla ya hapo nakili kila kilichoandikwa kwenye vifuniko, hata namba usizozielewa, kisha watafute wazee waliokuwa wakiendesha projekta, uwaulize.

Sura ya kwanza ikiwa tayari nitumie, hata kama bado mbichi. Hasa zile kurasa unazoeleza kinachoonekana kwenye skrini kabla hujasema kina maana gani. Hizo nitazisoma kwa kalamu nyekundu.

Ni mimi,
Somo yako